Mwanariadha, Bendera na Deni la Taifa katika Michezo ya Olimpiki

Mkataba wa Olimpiki, yaani hati kuu inayoongoza michezo hiyo, unatamka katika kanuni yake ya sita kwamba mashindano ni kati ya wanamichezo, mmoja mmoja au kwa timu, wala si kati ya nchi. Hata hivyo hakuna mwanamichezo anayeweza kujisajili mwenyewe. Husajiliwa na Kamati ya Olimpiki ya Taifa, chombo kinachotambuliwa kuwa mwakilishi wa nchi yake, huvaa sare iliyochaguliwa na chombo hicho, na akishinda hupandishiwa bendera na kupigiwa wimbo wa taifa mbele ya dunia nzima. Kanuni inasema hivi na utaratibu unafanya vile, na katika mwanya huo ndimo yalimozaliwa mabishano mengi kuhusu nani anakimbia kwa niaba ya nani. Shabiki naye huishi ndani ya mwanya huo huo: humshangilia mtu kwa sababu ya nchi, na mtu huyo akihamia nchi nyingine, mapenzi yale yale hugeuka uchungu. Swali linalostahili kuchambuliwa kwa makini ni la deni: taifa linamdai nini mwanariadha, mwanariadha analidai nini taifa, na kati ya hao wawili ni nani ambaye kwa kawaida hulipwa.

Mambo hayakuanza hivyo. Mwaka 1896 mjini Athens, John Pius Boland, kijana wa Ireland aliyekuwa akisoma Oxford na aliyekuwa amefika Ugiriki kama mgeni, alijiunga na mashindano ya tenisi, akashinda mchezo wa mtu mmoja mmoja, kisha akashinda ule wa wawili wawili akiwa na Mjerumani Fritz Traun, na hakuna aliyeona ajabu kwamba mabingwa hao wawili hawakutoka nchi moja. Kufikia Michezo ya London ya mwaka 1908, usajili ulikwisha kupitishwa kwenye kamati za mataifa na wanamichezo wakawa wanaingia uwanjani nyuma ya bendera. Tangu hapo mtu asiye na taifa linalotambulika alikosa mlango wa kuingilia, na mtu ambaye taifa lake lilikuwa limetawaliwa na jingine alilazimika kupitia mlango wa mtawala.

Uchungu wa jambo hili ulionekana mapema. Hannes Kolehmainen wa Finland alishinda mita 5000, mita 10,000 na mbio za nyika mjini Stockholm mwaka 1912, lakini kwa kuwa Finland ilikuwa chini ya Urusi, bendera iliyopanda kwa ushindi wake ilikuwa ya Urusi. Kisa kizito zaidi ni cha Sohn Kee-chung, Mkorea aliyeshinda marathoni ya Berlin mwaka 1936 huku akiandikwa kwa jina la Kijapani, Kitei Son, kwa sababu Korea wakati huo ilikuwa koloni la Japani. Gazeti la Dong-a Ilbo la Seoul lilichapisha picha yake baada ya kuifuta bendera ya Japani kifuani pake, na watawala wakalifungia kwa miezi kadhaa. Miaka 52 baadaye, Michezo ilipofanyika Seoul mwaka 1988, mzee huyo ndiye aliyeingia uwanjani na mwenge akishangiliwa na watu wake. Kisa chake kinatosha kumjibu yeyote anayedai kwamba bendera ni kitambaa tu na kwamba michezo ingekuwa safi zaidi kama mataifa yangeondolewa kabisa, kwa maana mtu aliyenyang'anywa bendera hujua thamani yake kuliko aliyezaliwa akaikuta mlingotini.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Afrika Mashariki. Wilson Kiprugut alipotwaa medali ya shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, ya kwanza kwa Kenya katika historia ya Olimpiki, nchi hiyo ilikuwa na miezi kumi tu ya uhuru. Miaka minne baadaye mjini Mexico City, Naftali Temu, Amos Biwott na Kipchoge Keino waliipatia dhahabu tatu, na kwa mara ya kwanza watu wengi ulimwenguni waliifahamu Kenya kwa jambo lililofanywa na Wakenya wenyewe, tofauti na miaka ambayo ilitajwa kwa habari za walowezi na wanyamapori. Katika Michezo hiyo hiyo John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka katikati ya marathoni, akaumia goti na bega, akaendelea na kumaliza wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma akamalize mbio na kuzianza tu kusingetosha. Jibu hilo limerudiwa mara nyingi hata linaelekea kuzoeleka, lakini likitazamwa upya linaeleza uhusiano wa pekee: mwanariadha anajiona ametumwa, na aliyetumwa huwajibika kwa aliyemtuma hata pale ambapo hakuna tena medali ya kugombea. Ni uhusiano wenye heshima kubwa. Ni uhusiano pia ambao mtumaji anaweza kuutumia vibaya, kwa kuwa anayeweza kumtuma mtu kwenda anaweza pia kumwamuru asiende.

Amri hiyo ilitolewa mwaka 1976, na inahitaji kuchambuliwa bila haraka. Timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini mwaka huo, wakati ambapo damu ya wanafunzi wa Soweto waliouawa kuanzia tarehe 16 Juni ilikuwa bado mbichi, na nchi za Afrika zikadai New Zealand izuiwe kushiriki Michezo ya Montreal. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilijibu kwamba raga haikuwa mchezo wa Olimpiki na kwa hiyo kamati haikuwa na mamlaka juu yake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokuwa mstari wa mbele kususia, na zaidi ya mataifa 20 ya Afrika yakafuata, mengine yakiwaondoa wanamichezo wao waliokwisha kuanza kushindana.

Miongoni mwa waliobaki nyumbani alikuwa Filbert Bayi, ambaye tarehe 2 Februari 1974 mjini Christchurch, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza mbio za mita 1500 tangu hatua za mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16, huku John Walker wa New Zealand, aliyekuwa nyuma yake, naye akipita chini ya rekodi ya zamani. Mashabiki wa riadha duniani kote walikuwa wakingojea wawili hao wakutane Montreal. Walker alikwenda, akashinda dhahabu, Bayi hakwenda. John Akii-Bua wa Uganda, aliyeshinda mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82, hakupata nafasi ya kutetea taji lake. Mike Boit wa Kenya, mshindi wa shaba ya mita 800 mjini Munich, alikosa Michezo ya 1976 na kisha ile ya 1980, kwa kuwa Kenya iliungana na Marekani kususia Moscow. Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, hakuwahi kukimbia Olimpiki hata mara moja katika maisha yake.

Je, mataifa yalikosea? Kwa habari ya mwaka 1976 jibu la haki ni hapana. Ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ulikuwa uovu uliostahili kupingwa kwa kila njia isiyomwaga damu, na mgomo ule ulisaidia kuzaa Makubaliano ya Gleneagles ya mwaka 1977, ambayo kwayo nchi za Jumuiya ya Madola zilikubali kuchukua hatua za kuzuia uhusiano wa kimichezo na utawala huo. Lakini haki ya jambo haiondoi gharama yake, na gharama hii ililipwa na kundi dogo la vijana ambao hawakushirikishwa katika uamuzi. Mfanyakazi anayegoma hupoteza ujira wa siku chache kisha akarudi kazini, ilhali mwanariadha ana kilele cha miaka minne au sita tu, na Olimpiki ikimpita akiwa kileleni huenda asiipate tena. Serikali zilipata heshima ya kisiasa, nazo zilistahili kuipata. Kinachosikitisha ni kwamba wale walioilipia kwa miguu yao wametajwa kwa nadra sana kama watu waliojitolea kwa ajili ya ukombozi wa bara. Bayi na Boit walichangia vita dhidi ya ubaguzi kwa kitu ambacho hakuna waziri aliyekuwa nacho cha kutoa.

Mwaka 1980 hali ilikuwa tofauti, kwani sababu ya kususia, yaani uvamizi wa Umoja wa Kisovieti nchini Afghanistan, ilikuwa hoja ya Marekani kabla ya kuwa ya Afrika. Rais Carter alimtuma Muhammad Ali kuzishawishi nchi kadhaa za Afrika, akianzia Dar es Salaam, ambako Mwalimu Nyerere hakumpokea na waandishi wa habari walimuuliza kwa nini Marekani haikuwaunga mkono Waafrika miaka minne kabla. Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi, ambaye sasa alikuwa amehamia mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji, aliongoza kwa muda mrefu kabla ya Bronisław Malinowski wa Poland kumpita katika mzunguko wa mwisho, akapata fedha. Suleiman Nyambui naye akapata fedha katika mita 5000. Hadi kufikia Michezo ya Paris ya mwaka 2024, hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata, na ni vigumu kuzitazama bila kuwaza zile ambazo huenda zingepatikana Montreal.

Jambo la orodha ya medali halihitaji maneno mengi. Mjini Paris, Marekani na China zililingana kwa dhahabu 40 kila moja, na aliyehesabu jumla ya medali aliona Marekani imeiacha mbali China kwa 126 dhidi ya 91, hivyo kila upande ulikuwa na hesabu ya kujivunia. Orodha hupima ukubwa wa nchi, utajiri wake na wingi wa michezo inayoimudu, na kwa kiasi kidogo tu hupima ubora wa wanamichezo wake. Julien Alfred aliyeshinda mita 100 za wanawake anatoka Saint Lucia, kisiwa chenye watu wachache kuliko wilaya nyingi za Tanzania, na Letsile Tebogo aliposhinda mita 200, Botswana nzima ilipewa nusu siku ya mapumziko. Furaha ya aina hiyo haipatikani kwa kusoma safu za tarakimu.

Suala gumu zaidi katika miaka ya karibuni ni la kubadili uraia wa kimichezo, yaani mwanariadha aliyewakilisha nchi moja kuanza kuwakilisha nyingine. Ili kulielewa ni lazima kwanza kuijua kanuni moja inayosahauliwa na wengi: katika riadha ya Olimpiki nchi hairuhusiwi kuingiza zaidi ya watu watatu katika shindano moja. Kwa nchi nyingi kanuni hii haina uzito, lakini kwa Kenya, ambayo wanaume wake walishinda kila dhahabu ya kuruka viunzi na maji tangu 1968 hadi 2016 isipokuwa katika Michezo miwili waliyoisusia, ina maana kwamba mtu wa nne au wa tano kwa ubora nyumbani, ambaye huenda ni wa sita duniani, atatazama Olimpiki kwenye televisheni. Mkimbiaji huyo hana kosa lolote. Ana miguu yenye miaka michache ya kuzalisha, ana wazazi na wadogo wanaomtegemea, na mlango wa nchi yake umefungwa na hesabu.

Mwaka 2003 Stephen Cherono, mkimbiaji wa mbio hizo za kuruka viunzi na maji, alichukua uraia wa Qatar na jina la Saif Saaeed Shaheen, akiahidiwa, kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, malipo ya kila mwezi ya maisha yake yote. Ndani ya majuma machache aliishinda Kenya katika mashindano ya dunia mjini Paris. Kenya ikajibu kwa kutumia kanuni ya Olimpiki inayomtaka aliyebadili nchi kungoja miaka mitatu isipokuwa nchi aliyotoka iridhie kumwachilia mapema. Haikuridhia, na Cherono akakosa Michezo ya Athens ya 2004, ambako Ezekiel Kemboi, Brimin Kipruto na Paul Kipsiele Koech walitwaa dhahabu, fedha na shaba kwa Kenya. Siku chache baada ya Michezo hiyo, mjini Brussels, Cherono aliweka rekodi ya dunia ya dakika 7 na sekunde 53.63. Kenya ilikuwa na haki ya kisheria, na medali tatu zilionekana kuithibitisha. Lakini anayependa riadha kwa ajili ya riadha yenyewe hawezi kujizuia kuona kwamba fainali ile ilifanyika bila mkimbiaji aliyekuwa bora kuliko wote.

Si kila aliyehama alihama kwa namna moja, na hapa ndipo mashabiki wengi hukosea kwa kuwatia wote kwenye kapu la wasaliti. Wilson Kipketer alikwenda Denmark mwaka 1990 kama mwanafunzi, akaishi huko, akajifunza lugha, na kwa kuwa hakuwa amepata uraia wa Denmark alikosa Michezo ya Atlanta ya 1996 akiwa bingwa wa dunia wa mita 800; baadaye alipata fedha na shaba kwa nchi aliyoifanya makazi. Bernard Lagat aliipatia Kenya shaba na fedha katika mita 1500, akasoma na kuanzisha familia Marekani, akapata uraia wa huko mwaka 2004, wakati ambapo sheria za Kenya hazikuruhusu uraia pacha, yaani kuwa raia wa nchi mbili kwa pamoja. Kenya iliukubali uraia pacha katika katiba ya mwaka 2010. Tanzania bado haijauruhusu kwa watu wazima. Watu kama hawa walibadili maisha kwanza na bendera ikafuata.

Hali ni nyingine pale ambapo wakala husafiri hadi vijijini kutafuta wasichana wa miaka kumi na kitu, akawapa pasipoti ya nchi ambayo hawataishi. Bahrain imepata medali zake nyingi za riadha kupitia wakimbiaji wazaliwa wa Kenya na Ethiopia. Ruth Jebet alishinda dhahabu ya kuruka viunzi na maji mjini Rio mwaka 2016 akiwa bado kijana mdogo, na baadaye akafungiwa kwa kutumia dawa zilizopigwa marufuku. Winfred Yavi, mzaliwa wa Makueni, alishinda mbio hizo hizo kwa Bahrain mjini Paris kwa rekodi ya Olimpiki ya dakika 8 na sekunde 52.76, akifuatwa na Peruth Chemutai wa Uganda na Faith Cherotich wa Kenya, hivyo jukwaa zima la washindi likawa la Afrika Mashariki chini ya bendera tatu. Mwaka 2017 Shirikisho la Riadha la Dunia lilisimamisha uhamisho wote, na mwaka uliofuata likaweka masharti mapya: mwanariadha awe na umri usiopungua miaka 20, angoje miaka mitatu, na asihame zaidi ya mara moja. Sharti la umri ndilo la maana kuliko yote, kwa sababu linamzuia mtu mzima kuamua kwa niaba ya mtoto jambo ambalo haliwezi kurudishwa nyuma kwa urahisi.

Wapo pia wasio na taifa la kuacha. Mwaka 2012 Guor Marial alikimbia marathoni ya London kama mwanamichezo huru kwa sababu Sudan Kusini haikuwa na kamati ya Olimpiki, naye alikataa kuvaa rangi za Sudan, nchi aliyoikimbia. Mwaka 2016 ikaundwa timu ya wakimbizi ya watu kumi, watano kati yao wakiwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliopata hifadhi Kenya, wakafunzwa Ngong chini ya Tegla Loroupe. Wengine wawili, Popole Misenga na Yolande Mabika, walikuwa wanajudo kutoka mashariki mwa Kongo waliobaki Brazil. Katika Michezo ya Paris bondia Cindy Ngamba aliipatia timu hiyo shaba yake ya kwanza. Dominic Lobalu, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyepitia Kenya kabla ya kuomba hifadhi Uswisi mwaka 2019, aliruhusiwa na shirikisho la riadha kuiwakilisha Uswisi, akashinda mita 10,000 za Ulaya mjini Roma Juni 2024. Miezi miwili baadaye mjini Paris, kwa kuwa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki haikumruhusu kuiwakilisha Uswisi bila pasipoti yake, alikimbia na wakimbizi na kukosa shaba ya mita 5000 kwa sekunde 0.14. Mtu mmoja, katika majira yale yale ya joto, alikuwa na nchi mjini Roma na hakuwa nayo mjini Paris.

Hata aliye na nchi anaweza kuipoteza. Akii-Bua, dhahabu ya kwanza ya Uganda, alikimbilia Kenya utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, akaishi katika kambi ya wakimbizi mpaka kampuni ya viatu ya Ujerumani ilipomsaidia kuondoka. Vénuste Niyongabo, aliyeshinda mita 5000 mwaka 1996 katika Michezo ya kwanza ya Burundi, nchi yake ikiwa vitani, alikuwa amemwachia mwenzake Dieudonné Kwizera nafasi yake ya mita 1500, kwa kuwa Kwizera alikuwa amehangaika kwa miaka kuiwezesha nchi kushiriki. Hapo mwanariadha mmoja alimlipa mwenzake deni lililokuwa la taifa.

Kenya yenyewe, ambayo hukasirika inapoachwa, ilipata mjini Rio medali 13, sita zikiwa za dhahabu, huku sare na fedha za wanamichezo zikipotea mikononi mwa waliokabidhiwa. Aliyekuwa waziri wa michezo alitiwa hatiani mahakamani mwaka 2021. Oktoba mwaka huo huo Agnes Tirop, aliyekuwa wa nne katika mita 5000 mjini Tokyo, aliuawa nyumbani kwake Iten. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, aliyeiwakilisha Uganda katika marathoni ya Paris, alifariki mjini Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia. Nyuma ya vifo hivyo kuna mfumo ambamo msichana anayeanza kupata fedha za mbio huzungukwa na wanaume wanaojiita makocha, mameneja au waume, nao hushika ardhi, akaunti na mikataba yake bila chombo chochote cha umma kuuliza. Kundi la Tirop's Angels linalowasaidia wanariadha wa kike lilianzishwa na wakimbiaji wenzake, akiwemo Viola Cheptoo, dada yake Lagat. Shirikisho linaloweza kumnyima mwanariadha ruhusa ya kuhama kwa miaka mitatu lina uwezo pia wa kudai kuona mkataba wake na kujua nani anashika fedha zake, na halijawahi kueleza kwa nini uwezo wa kwanza hutumika haraka kuliko wa pili.

Septemba 2025, katika mashindano ya dunia mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania alimshinda Amanal Petros kwa sekunde 0.03 mwishoni mwa marathoni, wote wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano hayo. Petros alizaliwa Eritrea na anaiwakilisha Ujerumani, iliyompokea akiwa kijana. Simbu ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na ajira hiyo imempa walichokosa wengi wa rika lake: mshahara unaoingia hata mwezi asiokuwa na mbio, na muda wa kufanya mazoezi kwa miaka mingi, tangu alipokuwa wa tano Rio mwaka 2016 hadi alipokuwa bingwa. Nje ya majeshi, kijana wa Mbulu au Singida mwenye kipaji kama chake hana mwajiri wa aina hiyo, na wakala akifika kwake kabla ya shirikisho, Tanzania haitakuwa na hoja ya kumzuia.